Jumamosi ya Profesa

"Hebu rudisha hapo," Profesa alisema, chanuo limening'inia kwenye nywele za mkewe. "Huyo kijana kasema nini?"

Redio alirudisha. Ndilo jina walilompa chuoni, maana kipindi cha wanafunzi kwenye redio ya chuo ni chake, na mdomo wake haujui likizo. Wiki nzima alizunguka na kinasa sauti akiuliza: somo gani unalipenda, na mwalimu gani? Wengi walimtaja Profesa wa sayansi ya udongo. Leo kamfuata nyumbani amsikilizishe sifa zake. Sauti ya mchumba wake aliiweka mwisho, kama mtoto anayebakiza nyama.

"Mimi ni udongo tu," sauti ilisema. "Profesa anatukomaza. Kila Jumamosi tuko naye maabara mpaka jioni."

Profesa akacheka. "Jumamosi? Binti, tangu mama huyu apooze mkono, Jumamosi ni ya nywele zake. Hata mkuu wa chuo hanipati."

"Na akinivuta namfukuza," mkewe akachombeza.

Redio alitaka kucheka, uso ukakataa. Muhula mzima amemfulia mtu yule koti la maabara, akimsifia usafi kwa kuwa halikuwahi kuwa na hata chembe ya udongo. Mjinga ni yeye.

Simu ikatetemeka. Akausoma ujumbe kwa sauti, kama taarifa ya habari:

"Mpenzi niko maabara. Profesa leo kaamka vibaya, anafoka balaa. Nakupenda."

Chanuo likasimama.

"Ni nani kwako, mwanangu?" mama akauliza.

"Mchumba. Wiki ijayo wazazi wake wanakuja kwetu kupanga harusi."

Redio akapiga simu, akaweka spika.

"Mpenzi, si nimekwambia niko maabara!" Mchumba alinong'ona. "Profesa yuko hapa hapa, ataninyang'anya simu."

"Mwambie chai yake inapoa."

"Nini?"

"Chai. Iko mezani, mbele yangu. Na mwenyewe yuko hapa, anamchana mke wake nywele."

Sauti ya kike, ya mtu aliyetoka usingizini, ikasikika nyuma yake:

"Beibi, zima hiyo simu bwana. Rudi huku."

"Redio, sikiliza, nitakueleza..."

"Waeleze wazazi wako. Wasije."

Akakata. Akangoja moyo upasuke, haukupasuka. Alihisi ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Aliwasha kinasa sauti.

"Tuendelee, Profesa. Wewe mwenyewe, somo gani unalipenda?"

Profesa alimtazama mkewe, akainua chanuo.

"Hili. Na bado nafeli."

"Anafeli kweli," mama alisema, lakini macho yake yalikuwa kwa Redio. "Lia, mwanangu."

"Hayatoki, mama."

"Basi njoo ukae. Mkono mmoja bado ninao."

Redio akakaa chini, miguuni pake. Mkono ule mzima ukatua kichwani mwake na kuanza kufumua msuko mmoja, taratibu. Kinasa sauti kiliendelea kurekodi, na Redio akaegemeza kichwa magotini pa mama.