Gari Kipofu

Gari lilipofika kileleni mwa tuta la jangwani halikukuta kitu cha kukanyaga. Upande wa pili, mahali ambapo Shangazi alitegemea mteremko wa kistaarabu, mchanga ulikuwa umekatika kama ukuta. Magurudumu yote manne yakabaki yanasaga hewa. Alipata nafasi ya kutukana mara moja tu. Pua ikachimba chini, mbingu ikapita dirishani, ikapita tena, kisha gari likalala ubavu chini kabisa na injini ikazima. Vumbi likaingia taratibu kupitia kioo kilichovunjika.

"Baba, uko hai?"

Alimwita baba kwa sababu kijana alirithi jina la babu yake, ambaye ndiye aliyemzaa Shangazi. Kwenye timu hakuna aliyelitumia jina hilo. Wote walimwita Fyuzi, kwani ndiye fundi wa umeme wa gari, na siku ya mashindano ndiye aliyekaa kiti cha pembeni kusoma njia. Shangazi naye alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu, lakini timu nzima ilimwita hivyo hivyo, hata bosi aliyemzidi umri.

"Nipo," Fyuzi alijibu kutoka chini yake. "Mguu ndio sina uhakika nao."

Shangazi alijifungua mikanda, akapanda juu kupitia mlango wake, akamvuta mpwa wake kwa kwapa huku kijana akiuma kola ya ovaroli asipige kelele. Alipomlaza mchangani na kuichana ovaroli, aliona kwamba mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, na chuma cha kiti kilikuwa kimempasua paja. Damu ilikuwa ikitoka kwa utulivu, bila haraka. Alikata mkanda mmoja wa kiti chake mwenyewe, akalifunga jeraha kwa nguvu zake zote, kisha akang'oa vipande viwili vya bampa na kuubana mguu katikati yake.

"Vidole unavisikia?"

"Kwa mbali. Kama vya jirani."

Hapo Shangazi aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Mguu wa namna ile ulihitaji daktari kabla jua halijazama, la sivyo wangeukata, au mbaya zaidi. Hema la daktari wa mashindano lilikuwepo upande wa kaskazini, penye barabara ngumu ya malori ya chumvi. Katikati palikuwa na matuta matupu. Antena ya paa ilikuwa imesagika, simu ya setilaiti ilikuwa vipande vipande, na wao wenyewe walikuwa mbali na njia ya mashindano, kwa sababu Shangazi aliona pa kukatiza na akakatiza. Watakaowatafuta wangewatafuta kwingine.

"Kengele haikulia," Fyuzi alisema, macho juu. Alimaanisha kile kifaa alichokifunga mwenyewe kwenye dashibodi, kinachosoma ramani ya ardhi na kupiga kelele kabla ya poromoko.

"Niliichomoa asubuhi ulipokwenda kunawa. Ilikuwa inanisema kila tuta kama mama mkwe."

"Tukifika tutagombana," Fyuzi alisema.

"Tukifika."

Ugomvi huo haukuwa mpya. Shangazi alianza mashindano enzi ambazo gari lilikuwa na pedeli tatu, gia, na dua. Mitambo iliyokuja baadaye aliiita magongo ya wasiojua kutembea: ule unaopunguza nguvu ya injini tairi likiteleza, ule unaozuia breki zisigande, na mota ya umeme inayorahisisha usukani hadi unazungushika kwa kidole kimoja. Fyuzi alikuwa na jibu lake. "Mikono yako ni ya dhahabu, shangazi," alizoea kumwambia gereji, "lakini haiwezi kupiga hesabu mara mia kwa sekunde." Mafundi wengine waliacha kazi kuja kuwasikiliza.

Sasa hakukuwa na wa kuwasikiliza. Shangazi alichukua sepetu akaanza kuchimba chini ya magurudumu ya upande uliolalia, mchanga ukirudi karibu kwa kasi ile ile ya kuutoa. Alichimba akitweta, jasho likimwingia machoni. Shimo lilipokuwa refu vya kutosha alizunguka upande wa paa, akaegemeza jeki kwenye gurudumu la akiba alilokuwa amelifukia, akasukuma. Gari likasita, likalia, kisha likaanguka kwa miguu yake kwa kishindo kilichomfanya Fyuzi apige makofi pale chini.

Kuwasha ikawa kazi nyingine. Starta ilizunguka bila injini kushika.

"Limekata mafuta," Fyuzi alisema. "Likipinduka linajifungia. Lala chini ya dashibodi. Kuna kiboksi cha rangi ya chungwa."

"Nakiona."

"Chomoa. Unganisha waya mwekundu na wa kahawia. Siyo huo. Huo ni wa taa. Shangazi, mwekundu ni mwekundu."

Injini ilishika. Shangazi alimbeba mpwa wake mgongoni hadi kwenye kiti chake, akamfunga, akagawa maji. Walikuwa na chupa mbili, na rejeta ilikuwa ikivuja kwa matone.

"Moja ya gari, moja yako," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nilikunywa nikichimba." Ulikuwa uongo, na Fyuzi aliujua.

Shimo walimokuwa lilikuwa duara kama sufuria, na pa kutokea palikuwa juu ya mchanga laini. Shangazi alijaribu moja kwa moja. Katikati ya mlima tairi zikaanza kuteleza, na kompyuta, kwa nia njema kabisa, ikapunguza nguvu. Gari likazama hadi tumboni. Akachimba, akarudi chini, akajaribu tena, ikawa yale yale.

"Uking'oe hicho kikompyuta chako," alisema akihema.

"Nikiking'oa injini inakufa, ndicho kinachogawa mafuta. Lakini naweza kukitia upofu." Fyuzi alifikiri. "Kila gurudumu lina sensa ya kuhisi mwendo. Zikate waya zote nne. Hakitajua kama tunateleza, basi hakitaingilia. Ila breki zitakuwa za kizamani, na usukani utapoteza mota. Utakuwa mzito."

"Mzito ndivyo nilivyojifunza."

Alikata waya nne kwa furaha isiyofichika. Akatoa upepo kwenye tairi akizibonyeza kwa kidole hadi zikatandazika, akapanda, akatia gia ya pili. Safari hii hakuuelekea mlima. Alilizungusha gari ubavuni mwa shimo, duara la kwanza chini, la pili juu zaidi, mwendo ukikusanyika, mchanga ukiruka nje kama maji ya ndoo. Mguu wake ulipima mafuta kwa wembamba wa unyoya. Tairi lilipoteza mshiko, akalisikia kiunoni kabla halijamaliza kuteleza, akalegeza kidogo, likashika. Duara la tatu liliwatupa nje ya shimo, juani.

"Enhee!" Shangazi alipiga kelele. "Hesabu hiyo!"

"Kaskazini ni kulia kwako," Fyuzi alisema, ingawa naye alikuwa akicheka na machozi ya maumivu. "Upepo uweke shavu la kushoto."

Wakaenda. Huo ndio ulikuwa muda bora wa maisha ya Shangazi akiwa nyuma ya usukani, na hakuona aibu kuufurahia. Geji ya joto ilisema injini haina shida. Yeye alisikia harufu tamu ya maji ya rejeta yanayochemka, akasimama kwenye mchanga mgumu, akamimina chupa ya gari yote. Fyuzi alishangaa, kisha akakiri kwamba sensa ya geji huenda ilipasuka. Mabega yalimuuma kwa uzito wa usukani lakini aliyafurahia hayo pia.

Mpaka walipokuta mfereji mkavu. Ulikuwa umefunikwa na mchanga mwembamba, na gurudumu la mbele likatumbukia ukingoni mwake. Usukani ulijipindua wenyewe kwa nguvu zote za gari. Shangazi alisikia kidole gumba cha mkono wa kulia kikivunjika, na akakanyaga breki kabla maumivu hayajafika.

Alikaa akikitazama kidole. Kilikuwa ndani ya usukani, kimezunguka mshikio wake kwa raha. Zamani, magari yasipokuwa na mota, kila dereva alijua wiki ya kwanza kwamba dole gumba linakaa nje, juu ya ukingo, kwa sababu usukani mkavu hupiga kama punda. Yeye alikuwa akiwafundisha wengine hivyo. Na miaka yote aliyoitukana mota ile, ilikuwa ikimeza mapigo yote kwa niaba yake, kimya kimya, mpaka kidole kikahamia ndani kukaa kama mwenye nyumba.

"Kumbe ilikuwa inanibeba," alisema. Alisikia uchungu uliozidi wa kidole.

Fyuzi angeweza kumcheka. Lakini uso wake ulikuwa umepauka, na mkanda wa pajani ulikuwa umelowa damu upya. "Unaweza kuushika usukani?"

Alijaribu. Mkono mmoja haukuutosha usukani ule, na mkono huo mmoja ulihitajika kwenye gia.

"Vidole vya mguu?" aliuliza.

"Sivisikii tena."

Jua lilikuwa limeshashuka. Shangazi hakuwahi kumwachia mtu usukani wake, si mume wake alipokuwa hai, si bosi, si bingwa yeyote aliyeuomba ili apige picha. Alisogea mlangoni akaacha nafasi.

"Njoo huku. Gia na pedeli zangu. Usukani wako."

"Shangazi, mimi sijawahi..."

"Dole gumba nje."

Fyuzi alijivuta, akilia waziwazi mguu ulipogonga gia, akaukamata usukani kwa mikono miwili akiwa ameinama mbele ya kifua cha shangazi yake. Mwanzoni walikwenda kama walevi. Yeye alikunja mno, Shangazi akapunguza mafuta kumwokoa, gari likakaribia kulala ubavu.

"Usiukabe kama mwizi. Uache ukuambie."

"Hauniambii kitu!"

"Makalio ndiyo yanayosikia kwanza, baba, siyo mikono. Hapo. Umesikia nyuma inaondoka?"

"Nimesikia."

"Basi ifuate."

Aliifuata. Tuta baada ya tuta, alianza kurekebisha kabla hajaambiwa, na Shangazi akaacha kusema. Yeye alisikiliza mabega ya kijana. Yakikakamaa alilegeza mafuta, yakilegea alikanyaga. Maji yalikaribia kwisha. Fyuzi alitaka kumnywesha Shangazi funda la mwisho, naye akakataa, kisha akakubali, kwa sababu sasa gari lilikuwa na madereva wawili wa kulindwa.

Tuta la mwisho lilikuwa refu kuliko yote. Walilipanda kwa kasi, na kilele kikaja, mstari mtupu mbele ya mbingu, aina ile ile ya vilele ambavyo Shangazi alikuwa amevirukia maisha yake yote mguu ukiwa sakafuni.

"Sioni ng'ambo," Fyuzi alisema.

"Hata mimi. Kunja."

Akaondoa mguu. Fyuzi akakunja, gari likapanda ubavu juu ya ukingo na kusimama hapo, likichungulia chini. Mbele yao palikuwa na poromoko. Hatua chache kando yake kulikuwa na mteremko mpole, na mwishoni mwa mteremko huo barabara ya chumvi, nyeupe, na hema, na watu waliokuwa wameanza kukimbia.

Waliteremka polepole, gia ya kwanza.

Mhudumu wa kwanza kufika alikuwa na machela na kalamu sikioni. Aliona watu wawili wamebanana kwenye upande mmoja wa gari, wote damu na vumbi, akauliza lile ambalo taratibu zao ziliwataka waulize kwanza.

"Dereva nani hapa?"

Katika mashindano yote aliyowahi kushiriki, Shangazi alilijibu swali hilo kabla halijamalizika. Alimtazama mpwa wake, aliyekuwa bado ameukamata usukani, vidole gumba nje, macho yakifumba.

"Huyu," alisema. "Mbebeni dereva wangu kwanza."

Mhudumu aliangalia kiti, akaangalia usukani, hakuelewa. Lakini machela aliipeleka kwa Fyuzi, na Shangazi akaufungua mkono wa kijana kidole kimoja kimoja, kwa sababu mwenyewe hakuweza tena kuuachia usukani.