Mivumu ya Kuzuia Korongo

Scholastique na mume wake Gélase waliishi na watoto wao, Chanelle na wadogo zake, huko Gihosha, mtaa wa Bujumbura, karibu na korongo lililochimbwa na maji ya mvua. Kila asubuhi Scholastique alifagia uwanja, kisha akahesabu hatua kutoka jikoni hadi ukingoni. Mwaka 1997 zilikuwa ishirini. Oktoba 1998 zilibaki tisa.

Vita vilifunga njia za milimani. Makaa yalikuwa haba. Watu walikata miti ya ukingoni wakapikia. Ulibaki mvumu mmoja, mti mkubwa wa jamii ya mtini. Siku moja Gélase alichukua shoka aukate.

Jirani yao Mwantum alimwona. Mama huyo alifanya kazi kwenye kitalu cha miti.

"Baba Chanelle, ngoja kidogo. Mizizi ya huo muti ndiyo inashika udongo. Ukiukata, mvua itabeba jiko, kisha nyumba."

"Na watoto watakula nini?"

"Leo mi nitakupa makaa. We kata matawi tu. Madogo muanike, mupikie. Yale manene kama mukono, tutayapanda."

"Tawi litaota?" Scholastique aliuliza.

"Litaota. Muvumu ni muti wa kwetu, unajua udongo huu."

Walichimba mashimo kwa mistari iliyokata mteremko, ili maji yasikimbie. Wakapanda matawi, na katikati yake nyasi ndefu za mabingobingo. Mara risasi zililia mlimani. Waliacha majembe, wakajifungia ndani. Kesho yake walirudi wakamaliza.

Miezi ilipita. Scholastique alichungulia kila tawi. Mengine yalikauka, akapanda mengine. Mengi yalitoa majani.

Aprili ikaja mvua ya mchana kutwa. Maji mekundu yalinguruma korongoni. Gélase aliwavalisha watoto viatu, wawe tayari kukimbia. Scholastique alisimama mlangoni, macho ukingoni. Ng'ambo, ukuta wa jirani ulianguka. Kwao udongo ulimeguka kidogo, ukafika kwenye mabingobingo, ukasimama.

Wiki ile majirani walikuja kuomba matawi. Scholastique aliwaonyesha namna ya kupanda. Mwantum alimpeleka kwa mkuu wa kitalu.

"Huyu anajua kutunza muti," alisema.

Scholastique akaajiriwa. Kazi yake ikawa kukusanya mbegu za miti ya asili, kuotesha miche na kufundisha familia za ukingoni.

Vita vilikuwa havijaisha. Bado walilala na nguo za mchana, tayari kukimbia risasi. Lakini mvua iliponyesha, Gélase aliketi na watoto wake, akala chakula chake mpaka mwisho.