Barua Aliyoisoma Masika

"Ukoma? Nani kasema ukoma?"

Mize aliuliza huku ungo wa karafuu ukimponyoka mikononi. Baba yake, Mzee Pandu, hakumtazama.

"Barua ya spitali imesema. Posa ya Jecha nimeivunja. Ijumaa utaolewa na Masika, mtoto wa ami yako."

"Na barua kaisoma nani?"

"Masika. Nani mwengine hapa Wawi ajuaye Kizungu?"

Damu ikamchemka Mize. Jecha, mpiga filimbi wa Mgogoni, alikuwa ameungua vidole mara tatu bila kuhisi moto. Akenda spitali mwenyewe, akamwomba daktari awaandikie wakwe ukweli. Leo ukweli ule umegeuzwa kisu!

Asubuhi akaichopoa barua kwenye koti la baba yake, akavaa buibui, akashika njia ya spitali ya Chake.

Daktari, Mhindi wa makamo, aliisoma akakunja uso.

"Ukoma sikuandika. Ngozi yake tuliipima kwa hadubini, ni safi. Nimeandika *syrinx*."

"Ndiyo nini, dokta?"

"Neno la Wayunani. Kwao ni filimbi ya mianzi. Wajuzi wa ndege huita hivyo koo la ndege, pale sauti inapotokea. Kwetu sisi madaktari ni tundu refu kama la mwanzi, ndani ya uti wa mgongo. Ndilo linaloua hisia za mikono. Haliambukizi."

Aliporudi alimkuta Masika barazani, anakunywa kahawa na baba yake.

"Masika, neno hili nini?"

"Nishasema. Ukoma."

"Daktari kaniambia ni filimbi."

"Filimbi!" Masika akacheka. "Kakufanyia mzaha."

"Basi twende sote Chake, ukamwambie hajui alichokiandika."

Kicheko kikakatika. Masika akatazama chini.

"Neno lile sikulijua. Nilidhani..."

"Hukulijua, ukalifanya ukoma! Umemzushia mwenzio maradhi upate kumchukua mchumba wake! Na hata ungekuwa ukoma, mgonjwa hutibiwa, hatangazwi mitaani! Huna haya?"

"Masika," Mzee Pandu alisema polepole, "ondoka barazani kwangu."

Jioni Jecha aliitwa. Akakaa mbali, ukingoni mwa baraza.

"Mzee, sitaki kukuficha. Dawa hapana. Vidole vitazidi kufa, na filimbi huenda nikaiacha."

"Kwani mie niliposwa na filimbi?" Sauti ya Mize ilitoka nyuma ya mlango, bado ina hasira.

"Nisamehe, mwanangu," Mzee Pandu alimwambia Jecha. "Nimekudhulumu."

"Maneno hayatoshi, baba!"

Mize akatoka na sinia moja la wali na mchuzi wa pweza, akaliweka baina yao.

"Kama umeamini, kula naye."

Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Mzee Pandu akanawa, akamsogelea Jecha, akamega tonge upande wake.

"Bismillahi."

Ijumaa ile ile Mize aliolewa, na Jecha. Lakini baba yake, kwa kuaibishwa mbele ya wapita njia, hakumsemesha Mize mpaka siku ya saba.