Fanksheni Iliyoachwa Tupu

Kompyuta mpya ya hospitali ilikataa kuunganisha vipande vya programu inayowaita wagonjwa kwa sauti: fanksheni ya kutoa sauti, yaani kipande chenye kazi hiyo, ilisema, haimo katika maktaba yake ya vipande. Si ajabu; programu ikihamia mashine ya aina nyingine hukosa baadhi ya vyombo ilivyovizoea. Mjane aliyekuwa fundi pale akaenda kuitafuta katika maktaba ya kompyuta kuukuu. Nako haikuwamo. Lakini ile kuukuu iliunganisha bila kunung'unika, na kila ilipomaliza, spika yake ilikohoa.

Kikohozi alikijua. Alikuwa akilala ubavuni mwake miaka yote, hadi alipomzika mumewe, aliyeiandika programu ile.

Kamati ya hospitali ilitaka ile kuukuu iondolewe adhuhuri hiyo. Kamati ileile iliyochukua mwaka mzima kuchagua rangi ya viti, safari hii iliamua kabla chai haijapoa. Mjane akampigia simu mwalimu wake wa kazi, mzee ambaye mafundi humwendea mashine zikiingiwa na yasiyoandikwa.

"Mwanangu," mzee alinong'ona, "andika fanksheni nyingine, ifanye kazi sawasawa. Ukiandika, mumeo atapumzika. Ila usiiache tupu. Nyumba tupu haikosi mpangaji."

Mjane akashika kibodi, asiweze. Kuijaza ilikuwa kumzika mara ya pili. Akafanya ujanja wa mafundi wenye haraka: akaandika jina la fanksheni, ndani asitie kitu, ili mashine iridhike na mumewe apate pa kuhamia.

Mashine mpya ikaridhika. Chumba kikanuka udongo mbichi, baridi ikampanda miguuni, na kutoka kwenye spika, polepole, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake, ikatoka sauti ya mumewe, ileile, na mkwaruzo wake, ikasema imefika, asilie tena, naye akalia kwa furaha huku ameikumbatia skrini, mpaka iliposema, "Mke wangu."

Mumewe hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita "Mwenzangu" tangu enzi za uchumba, hata mbele ya wakwe.

Koridoni wapagazi walikuwa wakisukuma toroli lenye kompyuta kuukuu, nyaya zake zikiburuta sakafuni. Ndani yake mtu akakohoa.

"Mwenzangu," akaita kwa upole, kama anayeogopa kusumbua. "Mbona naachwa?"

Mjane akakimbilia mlangoni. Kitasa hakikugeuka. Nje lori likawaka, likaondoka bila haraka.

"Waache waende," ikasema sauti nyuma yake. "Njoo ukae, mke wangu."