Kahawa Kwanza, Kokoto Baadaye

Jumamosi asubuhi, soko la mji wa Oulu likiwa limefurika watu, Henriikka aliteleza kwenye barafu ya uwanja wa nyuma akishusha kreti za mikate ya shayiri. Koti lake jekundu likatapakaa chini. Mtunza uwanja, Jarkko, alimfikia wa kwanza.

"Usinyanyuke. Umeumia wapi?"

"Mkono umevunjika. Mikate je?"

"Mizima."

"Afadhali, angalau kuna waliosalimika."

Jarkko alicheka, na yeye si mtu wa kucheka ovyo. Tangu hapo akawa anakwenda kwake kila jioni, akimpikia supu na kumfungia kamba za viatu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mtaa mzima ukajua.

Wiki ya tatu, Sirpa wa duka la mikate alipiga simu. "Mwenzangu, fungua macho. Fomu ya ajali hujaijaza bado. Nani alipaswa kumwaga kokoto pale watu wasiteleze?"

Henriikka akakata simu. Akampigia Jarkko.

"Unanipenda mimi, au unataka nisikutaje kwenye fomu?"

"Nakuja."

"Usije."

Alilia usiku kucha. Asubuhi akapeleka fomu ofisi ya soko, jina la Jarkko akiwa ameliandika kwa hasira. Karani akamwonyesha karatasi nyingine, ya siku ileile ya ajali. Mwandiko ulikuwa wa Jarkko: *Jana barafu iliyeyuka, kokoto zikazama, maji yakaganda juu yake. Asubuhi niliona. Nikasema ninywe kahawa kwanza. Kosa ni langu.*

"Amepewa onyo la maandishi," karani akasema. "Hakukwambia?"

Henriikka alimkuta Jarkko uwanjani na ndoo yake ya kokoto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Ningeonekana nakuomba msamaha kwa supu."

"Na jana nilipokuuliza kama unanipenda?"

"Nilitaka kujibu uso kwa uso. Ukanikataza kuja."

Henriikka alimtazama mwanamume huyu mzito wa maneno, akahisi bado anampenda. Ilikuwa tarehe ishirini na tisa Februari, siku ambayo kwa desturi ya huko mwanamke ndiye anayeposa, na mwanamume akikataa lazima amnunulie kitambaa cha sketi.

"Jarkko, nioe."

Wauza samaki wakaacha visu. Jarkko akaweka ndoo chini, masikio yamekuwa mekundu.

"Mimi vitambaa," akasema akimshika mkono ule mzima, "sijui kuchagua."