Ukanda Usiouliza Namba

"Kobe, uko wapi?"

"Mgongoni kwake."

Pikipiki nyekundu aina ya Honda ilikata kona bila kuwasha taa. Kobe akaikata nyuma yake, goti likikaribia kufagia lami. Jina hilo la utani alipewa chuoni na wenzake waliochoka kushindwa naye mbio.

Mbele yake alikimbia tarishi wa bandia, mgongoni amebeba begi la kliniki ya afya ya akili. Tarishi wa kweli alikuwa amekutwa stoo, mdomo umezibwa kwa plasta.

Kobe alimpata kwenye mteremko wa maegesho ya duka kubwa. Hakufyatua risasi. Aligusa tairi la nyuma la Honda kwa tairi lake la mbele, kidogo tu.

Fizikia ikamaliza kazi.

Begi lilifunguka. Ndani mlikuwa na ukanda wa kijivu wa kuvaa kichwani, wenye sponji mbili na muhuri wa kliniki.

"Shangazi," Kobe alisema kwenye kinasa sauti cha kola. "Ukanda ninao. Ni ule halisi."

Shangazi, kama wote walivyomwita mkuu wa idara yao ya usalama, alielewa upesi. "Wameubadilisha. Basi wa bandia uko wapi?"

Tarishi ndiye aliyejibu, meno yamejaa damu. "Uko kwa mgonjwa mwenyewe. Fundi yuko naye, anamsaidia kuuvaa. Umechelewa, ndugu yangu. Mama atajibonyezea mwenyewe."

Kobe alimfunga pingu kwenye nguzo, akautia ukanda kifuani, akawasha pikipiki.

"Tuma polisi, Shangazi."

"Aliyewapa anwani yake ni polisi. Leo polisi ni wewe."

Mama huyo alikuwa mkaguzi wa mizigo. Ndiye aliyefungua kontena lililoandikwa vipuri vya matrekta akakuta maroketi. Wiki hiyohiyo msaidizi wake aliuawa. Yeye akaacha kula, akaacha kulala, mwisho akaacha kuzungumza. Sonona, alisema daktari. Kliniki ilimtibu bila kumlaza: vidonge, mazungumzo, na ukanda wa kuvaa nyumbani, unaopitisha umeme hafifu kwenye paji la uso ili kuamsha sehemu ya ubongo iliyolala. Alikuwa ameanza kupata nafuu. Kesho angesimama mahakamani, shahidi pekee aliyebaki.

Umeme wa ule wa bandia haukuwa hafifu.

Na mgonjwa wa akili akikutwa amekufa na waya kichwani, nani atauliza swali la pili?

Simu ya mama haikupatikana. Kobe aliunganishwa na nesi wake.

"Nampigia tangu saa ya tiba ilipofika, hapatikani," nesi alisema. "Lakini usiogope. Kila tiba ina namba yake, na namba ninampa mimi, uso kwa uso kwenye video. Bila namba, ukanda hauwaki."

"Huu utawaka."



"Nilimwambia, bila namba yangu asiuweke kichwani," nesi alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Nilimwambia kila siku."

"Atakumbuka?"

"Kaka, alipokuja kwetu alikuwa anasahau hata chai iliyo mkononi mwake."

Simu ikakatika. Mtandao ukapotea wote kwa mpigo. Kuna aliyeuzima, na alikuwa karibu.

Jengo alimoishi mama lilikuwa la ghorofa chache, ngazi zinanuka dawa ya kusafishia sakafu. Kobe alipanda kimyakimya, bastola yake ya Glock mkononi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akasikiliza.

"Mama, bonyeza tu hapo. Dakika chache umemaliza."

"Mbona hakijaniuliza namba?"

"Hili ni toleo jipya. Haliulizi."

"Na nesi hajanipigia."

"Mtandao mbovu leo, mama yangu."

"Mwanangu, nimekagua mizigo maisha yangu yote. Kitu kinachofunguka bila kuuliza, mimi sikigusi." Kiti kililia. "Kama ni kizuri hivyo, kivae wewe kwanza."



Kisha Kobe akasikia bastola ikikokiwa.

Alisukuma mlango kwa bega. Sebule ndogo, makochi yenye vitambaa, bakuli la maji ya chumvi mezani kwa ajili ya kulowesha sponji. Fundi, kijana nadhifu wa shati jeupe, alikuwa amemshindilia mama bastola shingoni. Mkono wa pili ulishika ukanda, sponji zimelala kiganjani, kidole gumba kwenye kitufe.

"Weka chini," Kobe alisema.

"Weka wewe. Nikishtuka, kidole kinashtuka."

Kobe aliinama taratibu, akaiweka Glock sakafuni. Macho yake hayakuwa kwa Fundi. Yalikuwa kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Mama akalinyakua bakuli, akalimwaga lote.

Maji ya chumvi yalimlowesha Fundi mkono wa ukanda hadi begani. Alishtuka. Kidole kikashtuka naye. Mama alikuwa ameshajitupa chini ya meza. Fundi hakupiga hata kelele. Kiganja kiliufumbata ukanda, bastola ikaanguka, naye akafuata kama gunia. Kobe aliupiga ukanda teke ukaruka mpaka ukutani.

Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Amekufa?" mama aliuliza.

"Anapumua. Tunamhitaji azungumze." Kobe aliokota bastola zote mbili, akafungua begi la Fundi, akakuta kifaa cheusi chenye antena fupi za kuzimia mtandao, akakizima.

Mama alijiinua, akaketi.

"Kesho wangesema nini?"

"Kwamba ulijiua."

"Na watu wangeamini."

"Wote."

Mama akatikisa kichwa polepole. Simu yake ikaita.

"Mama!" Nesi alijaza kioo, macho mekundu. "Hujauvaa?"

"Ningeuvaaje, binti, na namba hujanipa?"

Kobe alitoa ukanda halisi kifuani, akauweka mezani. Akajaza bakuli upya jikoni, akatia chumvi. Akamburuta Fundi kwa ukosi hadi kwenye ngazi.

"Kobe," Shangazi aliita sikioni. "Kimya chako kimenizeesha. Hali?"

Nyuma ya mlango nesi alikuwa akitaja namba, moja moja, na mama akizirudia kwa sauti.

"Mgonjwa yuko kwenye tiba," Kobe alisema. "Tusimsumbue."

Akavaa kofia yake ya pikipiki, akashuka akimburuta Fundi.