Mtani Aliyenyamaza

Treni ya Mwanza na ya Kigoma zilipokutana stesheni ya Tabora, hata mwizi alikosa pa kupitishia mkono. Katikati ya rabsha hiyo alishuka Mwanahawa, fundi cherehani, ametoka Kigwa na kibuyu cha asali kichwani. Gauni lake la nailoni, la buluu, lilimbana pale ambapo gauni linajua kazi yake.

"Mnyamwezi!" aliita Mabruki, Mzaramo wa reli, ndani ya suruali ya bugaluu inayofagia sakafu. "Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo kwa miguu, wewe kibuyu kimoja unahema?"

"Na wako alikuwa akimsubiri amelala chini ya mnazi. Mpaka leo hajaamka."

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Hutukanana hata msibani, na anayenyamaza ndiye aliyekosa adabu. Mabruki hakuwahi kutamka "nakupenda". Alimwambia ana miguu ya korongo, naye Mwanahawa akalala anatabasamu.

Mwaka ule wa vijiji vya ujamaa kila kitu kilikuwa foleni, na mafuta ya taa mtu aliyachanganya na petroli. Jioni moja Mwanahawa, ndani ya gauni lile la buluu, aliwasha jiko la mchina; likapiga mluzi, likalipuka. Nailoni haiungui kama pamba. Inayeyuka, inashika mwili.

Hospitali walimlaza chini ya matao ya chuma, shuka juu yake, isimguse. Sista Apolinaria alilowesha bandeji kwa maji ya chumvi kabla ya kuzibandua, na bado zilitoka na ukelele. Daktari akachukua ngozi ya paja, akaishonea shingoni na mkononi. Ikashika.

"Sasa vidole," alisema Sista. "Vinyooshe kila siku, hata vikiuma. Ukiviacha vitajikunja, na cherehani utaisikia kwa jirani."

Hakuvinyoosha. Mchana kweupe, miguuni pa kitanda, alisimama msichana wa gauni la buluu, shingo laini, anachana nywele. Alikuwa yeye mwenyewe, yule wa stesheni. Neno lake lilikuwa moja: "Nirudishie."

Mabruki alikuja na kanzu ya pasi, kofia mkononi, macho sakafuni.

"Pole, Bibi Mwanahawa. Mungu akupe subira."

Bibi! Hata alipopiga simu toka Kigoma, Sista akamshikia mkonga sikioni, sauti ilikuwa ile ile ya matangani: "Bibi, waendeleaje?"

"Asipige tena," Mwanahawa akasema.

"Kwani kakukosea nini?"

"Ananisemesha kama maiti. Na hata maiti, mtani wake humtania."

Mabruki aliporudi, Sista alimkamata ukumbini, akamweleza.

"Nilimwonea huruma, Sista."

"Huruma tunayo wodi nzima, imejaa mpaka uvunguni. Wewe lete utani uliokuwa nao stesheni."

Akaingia, akavuta kigoda.

"Mnyamwezi! Wenzako walitua mizigo Bagamoyo. Wewe unatua njiani?"

Mwanahawa akafumba macho.

"Tena unanuka dawa kama punda wa msafara."

"Ondoka, Mabruki. Uliyempenda yuko pale, miguuni pangu. Ananidai sura yake."

Mabruki akageuka. Hakuona mtu, lakini nywele zilimsimama, na harufu ya nailoni iliyoungua ikampita puani.

"Hodi, bibie wa buluu. Kaa kitako. Mimi Mwislamu, naruhusiwa wanne. Nitawaoa nyote wawili. Ila huyu wa kitandani ndiye bi mkubwa, maana kwa shingo hiyo wezi hawatatusogelea."

"Mshenzi wee!"

Kofi likamtua shavuni. Wakatazamana, kisha wakautazama mkono. Lilikuwa kofi la vidole vitano, vimenyooka.

"Uwiii, unauma!" Mwanahawa alilia, na katikati ya kilio akacheka.

"Na shavu langu je? Haya, mchumba, lingine."

Tangu siku hiyo Mabruki alileta shavu lake wodini kila jioni, kama dozi. Gauni la harusi Mwanahawa alilishona mwenyewe, la pamba.

Yule wa buluu hajaondoka. Jiko la jirani likipiga mluzi, husimama mlangoni na kitana chake. Mwanahawa hainui hata macho.

"Karibu, mke mwenza," humwambia, na kuendelea kushona.